Posa Kwenye Kiti cha Mshairi

Tangu turudi sijanunua hata chumvi kwa amani. Dukani, kwenye basi, kwenye ngazi za kanisa hapa Beechmont, Louisville, kila mtu ananishika mkono: "Mama Riziki, ni kweli kaka yako Daudi alikalia kiti cha marehemu?" Ni kweli. Lakini mkiisikia hivyo kavu kavu mtamwonea Daudi, na mwenye haki ya kumwonea ni mimi peke yangu. Kwa hiyo naandika. Someni wote mara moja, kisha mniache ninunue chumvi yangu.

Espoir mnamjua. Ni mtoto wa mdogo wetu wa kiume, marehemu. Mama yake naye tulimzika kambi ya wakimbizi, na mimi shangazi yake nikambeba mgongoni mpaka siku alipokataa mwenyewe kubebwa. Huyo Espoir alikutana na Neema kwenye mkutano wa vijana wa kanisa, na tangu siku hiyo simu haikutoka sikioni. Neema anaishi Buffalo na baba yake. Alikubali ndoa, ila akaweka sharti moja: hatoki Buffalo. Ana kazi anayoipenda, ya kutembeza wageni katika jumba la zamani alimoishi mshairi mmoja wa huko, ambalo sasa ni makumbusho.

Sisi tukajibu kwamba mke anamfuata mume. Espoir ukimuuliza, alikuwa anatazama viatu vyake. Basi safari yote ilikuwa na swali moja tu: nani atahama? Na mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hatakuwa mtoto wangu.

Kutoka Beechmont

Tulikuwa tuondoke alfajiri. Kaka Daudi, aliyekuwa msemaji wetu, alifika jua limeshawaka, amevaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vyenye ncha. Ilikuwa Februari. Nilimuuliza kama anajua tunakwenda Buffalo au anadhani tunakwenda Bujumbura.

"Musemaji wa posa hawezi kuvaa sawa mutu wa ku warehouse," alisema. "Batu bataniangalia mimi mbele, kisha bamuangalie Espoir."

Alikaa kiti cha mbele na kuanza kufanya mazoezi ya hotuba. Alikuwa ameiandaa kwa majuma mengi. Msemaji wa kwetu hasemi moja kwa moja "tunataka binti." Anazunguka, anataja mvua na njia na mifugo, na mwishowe ndipo anatua. Kaka alizunguka kutoka Louisville hadi karibu na Cincinnati bila kutua. Simu ya Espoir, iliyokuwa inatuonyesha njia kwa sauti ya mwanamke, ilimkatiza kila alipofika pazuri.

"Nyamazisha ule mama," alisema Kaka.

Espoir akamnyamazisha yule mama, tukapitiliza mahali pa kutokea, tukajikuta katika maegesho ya duka la magodoro. Hapo ndipo tulipopoteza asubuhi.

Nilitumia muda huo kumkumbusha Espoir mambo ya Buffalo. Nilimwambia kule theluji inafunika milango. Nilimwambia kule watu wanachimba magari yao kama viazi. Aliniangalia kwenye kioo cha dereva, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, Shangazi," kwa ile sauti ambayo mtoto anaitumia akiwa ameshaamua jambo lake. Sikuipenda sauti hiyo hata kidogo.

Linden, kwa Mama Furaha

Columbus tulikuwa tusimame tu tumchukue Mama Furaha, binamu yetu mkubwa, ambaye bila yeye posa yoyote ya ukoo wetu ni mchezo wa watoto. Anaishi Linden, nyumba ya chini, na wajukuu wasiohesabika. Tulimpigia simu awe tayari mlangoni. Alikuwa mlangoni kweli, lakini amevaa aproni.

"Ingieni mukule."

"Mama Furaha, tumechelewa," nilisema.

"Donc munataka nifike Buffalo baseme nimeacha batoto yangu na njala? Kwangu mutu hapite bila kukula. Ingieni."

Tuliingia. Kulikuwa na bugali, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, ndagala, na kuku mzima ambaye nadhani alichinjwa kwa ajili ya suti ya Kaka. Wajukuu walikuwa wamelala kwenye zulia na simu zao. Mama Furaha aliwaambia kwa Kiswahili watusalimie, nao wakajibu kwa Kiingereza kwamba wameshatusalimia. Tulikula mpaka Espoir akafungua mkanda. Tulipoinuka, Mama Furaha alisema bado kuna chai.

Baada ya chai alitoka na sufuria kubwa ya sombe iliyofungwa kwa blanketi la mtoto. Mtu haendi ugenini mikono mitupu, alisema. Sufuria ilipewa kiti cha nyuma pamoja na mkanda wake, na mimi nikabanwa mlangoni. Kwenye kila kona Mama Furaha aliuliza sufuria ikoje. Mimi hakuniuliza.

Barabara ya ziwani

Baada ya Cleveland mbingu ilishuka. Wale mliokwenda huko mnajua: ziwa liko kushoto kwako, hulioni, lakini linakutupia theluji kwa makusudi. Espoir alipunguza mwendo, kisha akapunguza tena, na karibu na Erie gari likageuka lenyewe taratibu na kukaa mtaroni, pua juu. Hakuna aliyeumia. Sufuria nayo haikumwaga hata jani.

Tulikaa mle ndani, Kaka akiwa na viatu vyake vya ncha, akitazama nje na kusema hatoki. Ndipo akaja mzee mmoja wa Kizungu na gari lenye jembe la theluji mbele. Alikuwa na ndevu zenye barafu. Hakuuliza sisi ni nani wala tunatoka wapi. Alifunga mnyororo, akavuta, tukarudi barabarani. Espoir alitaka kumpa pesa, akakataa kwa mkono.

Mama Furaha akashuka na sahani. Alimpakulia sombe palepale barabarani, theluji ikianguka juu yake kama chumvi. Mzee alionja kwa kidole, akaniuliza kama ni mchicha. Nilimwambia ni majani ya muhogo. Akala yote.

Sasa Mama Furaha akaona amwombee. Aliweka mkono begani mwake na kufumba macho. Mzee wa watu akavua kofia. Mnazijua sala za Mama Furaha. Alimwombea yeye, watoto wake, gari lake, mnyororo, Rais, wagonjwa wa Linden kwa majina. Kichwa cha mzee kilikuwa hakina nywele na kilikuwa kinageuka cheupe. Nilisema "Amina" kwa nguvu mara kadhaa katikati, kumsaidia, lakini Mama Furaha alidhani namuunga mkono na akaongeza. Alipomaliza, mzee alikuwa na machozi, na sijui kama yalikuwa ya Roho au ya baridi.

"Unaona?" Espoir aliniambia tulipoondoka. "Watu wa huku ni wazuri."

Nilimwambia aangalie barabara.

East Side

Baba Neema alitupokea Buffalo usiku. Ni mtu mfupi, mpole, mjane, anafanya kazi kiwandani. Ghorofa yake ndogo ya East Side ilikuwa imefagiliwa mpaka inang'aa. Kwa desturi Neema hakujitokeza. Tulimsikia tu jikoni akigongagonga vyombo. Tulikula tena. Sitaeleza, nitaumwa tumbo kwa kukumbuka.

Baba Neema hakuwa mtu wa maneno mengi. Niliona jambo moja lakini: kila karatasi iliyokuja na posta ilikuwa imewekwa kando ya kiti cha binti yake, ikimngoja amsomee. Kila dawa ya mzee ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa binti: asubuhi, usiku. Nikaona, nikageuza macho.

"Kesho asubuhi," alisema, "mbele ya maneno yote, tutaenda ku ile nyumba kubwa kwenye Neema anatumika kazi. Mujue munaomba mutu wa namna gani. Kisha tutarudi hapa, tutazungumuza."

Mimi nilielewa vizuri: kwanza matembezi, posa baadaye. Lakini kaka yangu alikuwa ameshiba na alikuwa anawaza hotuba yake. Alisikia maneno mawili tu, "nyumba kubwa". Tulipokuwa tunajiandaa kulala alininong'oneza kwa furaha:

"Umesikia? Amekodi salle, ukumbi muzima! Anataka kutuonyesha kama yeye pia iko mutu. Bon. Atanisikia."

Ningeweza kumsahihisha. Sentensi moja ingetosha. Lakini nilifikiria, nikaona kwamba Kaka akiharibu kitu katika jumba la watu, huenda kazi ya Neema itaharibika pamoja nacho, na binti asiye na kazi Buffalo hana sababu ya kung'ang'ania Buffalo. Nikamwambia Kaka alale vizuri, apumzishe sauti.

Nyumba ya mshairi

Jumba liko nje kidogo ya mji, juu ya kilima, la mawe, lina mnara na madirisha marefu, na miti mikubwa iliyobeba theluji. Kaka alishuka garini akalitazama, akanyoosha suti.

"Baba Neema amejikaza," alisema.

Mlangoni kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, Bibi Carol, mkubwa wa nyumba. Alitubandika kila mmoja karatasi ndogo ya kijani kifuani, kuonyesha kwamba tumeruhusiwa kuingia. Lakini ninyi mnajua kwenye sherehe zetu nani anabandikwa kitu kifuani: wajumbe. Kaka aliigusa ya kwake kwa kidole na kunitazama kama mtu aliyeambiwa amechaguliwa mbunge. Ndani kulikuwa na Wazungu wengine wachache, wamesimama kwa utulivu wakitazama picha ukutani. Kaka akawasalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alidhani ni mashahidi wa upande wa binti.

Sufuria ya Mama Furaha ilizuiwa. Chakula hakiingii vyumbani. Mama Furaha aliikabidhi kwenye chumba cha makoti akiwa amekunja uso, akasema nyumba ambayo chakula hakiingii ina shida.

Neema akajitokeza, safari hii kama mfanyakazi, sweta la bluu na kibandiko cha jina. Ni binti mrefu, mtulivu wa uso. Bibi Carol alikuwa anaeleza kwa Kiingereza, naye anatugeuzia kwa Kiswahili. Jina la mshairi lilinishinda kulitamka, kwa hiyo silitaji. Alikufa zamani, babu zetu wakiwa watoto. Hakuoa. Aliishi humo na dada yake, wao wawili.

"Nyumba yote hii, batu babili?" Mama Furaha aliuliza. "Balikuwa banatafutana namna gani?"

Neema akatafsiri, Bibi Carol akacheka sana. Akatuonyesha kitanda cha mshairi, chembamba. Akatuonyesha saa iliyokuwa inamkera. Kisha akasema kilichompa mshairi umaarufu: alisifu theluji. Kitabu baada ya kitabu, theluji ikianguka, theluji ikiwa imelala, theluji ikianza kuyeyuka.

"Theluji hii?" aliuliza Kaka Daudi akionyesha dirisha. "Aliisifu juu ya nini?"

"Alikuwa anaitazama kutoka ndani," alisema Neema. "Watumishi walikuwa wanaizoa."

"Aa," alisema Kaka, akaridhika.

Tukaingia chumba cha kuandikia. Kulikuwa na meza yenye chupa ya wino, dirisha refu, na mbele ya dirisha kiti cha mbao chenye mgongo mrefu na mto mwekundu. Kiti kilizungushiwa kamba nene ya hariri nyekundu iliyoshikwa na vyuma viwili vya shaba.

Sasa niambieni ninyi. Kwenye harusi zetu zote, hapa Louisville na kule nyumbani, viti vilivyozungushiwa utepe ni vya nani? Vya watu wa heshima. Mtu akiona utepe na yeye ndiye msemaji, anafanya nini? Kaka alifungua kamba kwa adabu, akaketi, akaiweka kamba mapajani. Akakohoa. Akaanza.

"Baba Neema, na nyinyi wote bakubwa. Sisi tumetoka mbali. Theluji ilitukamata ku njia, hatukurudi..."

Bibi Carol alikimbia kutoka upande wa pili, uso umekuwa mwekundu kuliko ule mto. "Sir! Sir!" Kaka, akisikia anaitwa kwa heshima, akainamisha kichwa kidogo na kuendelea.

Na hakuna aliyeweza kumzuia. Msemaji akishafungua kinywa kwa maneno ya posa, baba wa binti hamkatizi. Akimkatiza, amekataa. Nilimwona Baba Neema anafungua mdomo, anaufunga. Espoir alikuwa amegeuka mti. Mama Furaha, aliyeona mambo yameanza bila kumpa taarifa, alifidia kwa vigelegele ambavyo viliwarudisha Wazungu wote kutoka vyumba vingine.

Bibi Carol akamshika Neema mkono. Anafanya nini yule baba? Anasema nini? Tafsiri!

Hapo ndipo nilipoanza kufurahia. Kwa maana binti hasemi katika posa yake mwenyewe. Hata kukohoa hakohoi. Kaka anajua Kiingereza cha bohari, Baba Neema anajua cha kiwandani, Mama Furaha anajua "thank you" na "no." Waliobaki na lugha zote mbili walikuwa bwana harusi, ambaye pia haruhusiwi kusema, na mimi, ambaye kazi yangu ya kutunza wazee imenifundisha Kiingereza chote, hata cha matusi. Nikaanza kuchunguza dari. Dari lilikuwa zuri.

Neema alisubiri, akaona sishuki kutoka darini. Akavuta pumzi.

"Anasema," alimwambia bosi wake kwa Kiingereza, "kwamba wamekuja kuniomba niolewe. Kwao hivi ndivyo inavyofanyika. Anasikitika kuhusu kiti."

Kaka hakuwa amesikitika hata kidogo. Alikuwa anapaa. "Tulisikia harufu ya moto muzuri. Tukafuata. Ile moto tumeikuta kwa Baba Neema. Donc tunaomba hivi: mutupe ile moto tuipeleke Louisville, ipashe nyumba yetu, juu bibi anafuata bwana, njo vile iko!"

Hapo ndipo alipotua. Watu wote wakamgeukia Neema. Naye, bila kupepesa macho, kwa Kiingereza kizuri, akasema:

"Anasema nyumba yao Louisville ina joto la kutosha. Moto unahitajika zaidi hapa Buffalo. Kwa hiyo wanamleta kijana wao aje kuishi huku, na wanamtoa kwa moyo mmoja."

Nilishuka kutoka darini.

Bibi Carol aliweka mkono kifuani. Kumbe alikuwa na hofu ya kumpoteza Neema. Akamuuliza Espoir, kwa upole, kama ni kweli anahamia. Espoir alikuwa amesikia maneno yote mawili, ya baba yake mkubwa na ya mchumba wake. Hakutazama viatu. Alinitazama mimi, akamtazama Neema, akasema, "Yes, ma'am."

Wazungu wakapiga makofi. Kaka, akijua makofi ni yake, akainuka polepole, akarudisha kamba mahali pake, akanigeukia.

"Ule mama anasema nini? Tafsiri."

Neema alikuwa ananitazama. Hakuwa anaomba. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, anangoja kuona mimi ni mtu wa namna gani. Na nilikuwa na hasira, nisiwafiche. Nilikuwa na uchungu wa kweli, maana mtoto yule nilimvusha mto usiku tukikimbia, nikiwa nimemziba mdomo asilie, na sasa ameondoka kwangu kwa maneno mawili ya Kiingereza. Neno langu moja lingemrudisha. Lakini nilimtazama yule binti tena. Amedanganya mbele ya baba yake, mbele ya bosi wake, mbele ya ukoo mzima wa mume, na uso wake ni maji ya mtungini. Nikafikiria zile dawa zilizoandikwa asubuhi, usiku. Nikaona mtu wa namna hii hatamwacha mtoto wangu aanguke popote.

"Anasema," nilimwambia Kaka, "amefurahi sana kusikia Espoir atahamia hapa."

"Nani amesema atahamia?"

"Wewe. Mbele ya watu wote, umekaa kwenye kiti cha heshima. Wamekupigia makofi."

Kaka alifungua mdomo. Lakini Baba Neema alikuwa ameshamfikia, amemkumbatia, na analia waziwazi, suti ya rangi ya maziwa ikilowa begani.

"Muzee Daudi," alisema, "sikuzania kama mungeweza kutoa mutoto wenu. Usiku sikulala. Nilikuwa nasema, Neema akienda, nitabaki na nani?"

Kaka alinitazama juu ya bega la yule mzee. Anajua mimi ni nani, tumekua pamoja. Kisha akawatazama wale mashahidi wake waliokuwa bado wanatabasamu, na akaona ni vigumu kurudisha makofi.

"Bon," alisema, akimpigapiga Baba Neema mgongoni. "Kama nilisema, nilisema."

Nilikwenda chumba cha makoti peke yangu. Neema akanifuata. Akanishikia koti nivae, akasema polepole, "Aksanti, Shangazi."

"Siku nyingine ukitaka kudanganya mbele yangu," nilimwambia, "tafuta lugha nyingine."

Alicheka kwanza, kisha mimi, tukashikana tukacheka mpaka Bibi Carol akachungulia kuuliza kama tunaumwa. Halafu nikalia. Nililia kwenye sweta lake, kwa sababu koti langu lilikuwa jipya.